Mashahidi wa Mawe

Tulipomzika Bi Zuwena mwaka jana, vijana wa msikiti waliniomba niseme machache juu ya marehemu baada ya hitma, katika ukumbi mmoja huku kwetu Edmonton, London. Kijana mpole, ndevu zake hazijakaa sawa bado, akaninong'oneza, "Bibi, dakika tano tu, ukumbi tumeukodi mpaka Alasiri." Dakika tano! Mtu ameishi miaka tisini kasoro kidogo, unampimia kama unga wa kuazima. Nikasimama nikasema yale ambayo kila mtu hupenda kuyasikia: kwamba alikuwa mkarimu, kwamba sambusa zake hazikuwa na mfano, kwamba alishona mashuka ya hospitali mpaka macho yakamchoka, na kwamba hakuwahi kumsema mtu, jambo ambalo si kweli hata chembe, lakini maiti hasemwi vibaya. Watu wakaitikia amin, wakaenda kula biriani. Mimi nilirudi nyumbani sijaridhika, kwa sababu kitu kilichomfanya Bi Zuwena awe yule tuliyemzika hakikutajwa na mtu. Kitu hicho ni mwaka mmoja, mwaka tuliokwenda kuyaona mawe, na kwa dakika tano hakielezeki.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu Mapinduzi ya Zanzibar. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimeletwa London kusomea upigaji taipu, nikawekwa kwake kwa kuwa ni mdogo wa mama yangu, nilimwita Mamdogo. Ukoo wetu na jinsi tulivyotoka kwetu nitaviacha. Wapo wanaovisimulia vizuri kuliko mimi, na wapo wanaovisimulia mpaka vinawazidi. Nitasema chumba. Kilikuwa juu kabisa katika nyumba ya Tottenham, nyumba za mtaa mzima zimeshikana ukuta kwa ukuta, mwenye nyumba Mgiriki mwenye masharubu. Vitanda viwili, kati yao upenyo wa kupita mtu kwa ubavu. Meza moja ya kulia, ya kusomea na ya cherehani. Jiko la mafuta ya taa lililopasha miguu joto na kuyaacha mabega yanaganda. Na kutani karatasi za maua ya kahawia, maua ambayo sijayaona katika bustani yoyote ya dunia hii. Kupika tulipikia ngazini, kwenye jiko la gesi la wapangaji wote. Mamdogo alikuwa akiroweka nazi kavu ya pakiti, ile Waingereza wanayotilia keki, akaikamua kwa kitambaa huku anaisuta: "Nazi hii ilikufa zamani, tunakamua maiti." Kisha wali ukiiva tukala, akasema si mbaya, tushukuru.

Nilimwona mtu mzima sana wakati ule. Leo nikipiga hesabu naona alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, ambaye mpaka leo namkumbusha avae soksi. Alikuwa na shingo ndefu, mwendo wa kujisikia, na ulimi. Kila Alhamisi, jioni ya kuamkia Ijumaa, alirudi kutoka kazini, akaoga kwa maji ya birika katika beseni, akapaka wanja, akavaa hereni zake za dhahabu na kanga mpya, kisha akawasha udi ndani ya kikopo cha maziwa alichokitoboa mwenyewe kwa msumari. Mara ya kwanza kuona moshi unatoka chini ya mlango, Mgiriki alipanda ngazi mbio na ndoo ya maji, na lau nisingefungua haraka tungelowa sote. Mamdogo hakutikisika. Alimpa tende mbili, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kukata maneno kwamba hapana moto, ni harufu ya Alhamisi. Tangu siku ile Mgiriki akawa anaiita hivyo, harufu ya Alhamisi, na nadhani aliipenda.

Alijipamba kwa ajili ya mumewe. Bwana Nassor alichukuliwa nyumbani kwao mjini siku chache baada ya Mapinduzi. Waliokuja hawakuwa wakali. Walisema wana maneno naye kidogo, atarudi chai yake haijapoa. Hakurudi. Hakuonekana jela, hakuonekana hospitali, hakuonekana maiti, na aliyeulizwa alijibu kwamba ni bora kutouliza. Mamdogo alikuja London na hereni zake masikioni, akawa mke wa mtu asiyejulikana yuko juu ya ardhi au chini yake. "Mke hakai kama gunia," alikuwa akinambia, kibao cha udi mkononi. "Akitokea mlangoni sasa hivi, anikute hivi hivi? Ntasema nini?"

Wanawake wenzetu hawakumwachia. Tulikuwa wachache London siku zile, tunajuana kwa majina na kwa madeni ya sukari, na Jumapili tulikutana kwa Bi Shirin, Mhindi wa kwetu Zanzibar aliyehamia Harrow, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sebule ndogo. Jikoni kwake ndiko nilikosikia, nimeshika sinia la vikombe, mlango umerudishwa nusu. "Zuwena anampambia nani?" alisema mmoja. Mwingine akasema mjane akiacha kukaa eda dhambi yake kubwa, miezi minne na siku kumi si mzigo, kwani atakufa? Na wa tatu, kwa sauti ya huruma ambayo iliumiza zaidi, "Jamani, anamngoja maiti." Nilipogeuka, Mamdogo alikuwa nyuma yangu. Alinipokonya sinia, akausukuma mlango kwa nyonga, akaingia. "Nileteeni mashahidi wawili," akawaambia, anagawa vikombe mmoja mmoja. "Mashahidi wawili waliomwona Nassor amekufa. Nitavua hereni hizi mbele yenu, nitavaa nyeupe, nitakaa ndani kizuka mpaka mchoke kuniletea uji. Bila mashahidi, mimi mke wa mtu, na chai yenu hiyo."

Hakuwa amejitungia. Alikuwa amemuuliza Maalim Badi, kijana wa Lamu aliyekuja kusoma chuo kikuu na aliyefundisha watoto wetu Kurani kila Jumamosi. Maalim alikuwa mwembamba, mwenye haya, na alipoulizwa jambo alifunga macho kwanza kama mtu anayeonja mchuzi. Alimwambia kwamba mwanamke aliyepotelewa na mumewe hubaki mke mpaka ipatikane yakini ya kifo, na yakini ni mashahidi waadilifu au habari isiyokuwa na shaka. Neno lile Mamdogo akalishika kwa mikono miwili. Mimi, niliyekuwa nikilala kitanda cha pili nasikia anavyojigeuza, nilijua kuwa neno lilelile lilimshikilia yeye pia, halimwachi aende mbele wala arudi nyuma. Hakuweza kumlilia mumewe kwa sababu kumlilia ni kumuua. Hakuweza kumfurahia kwa sababu hayupo. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimezika mume wangu mwenyewe, na nasema wazi kwamba kuzika ni rehema.

Kazini kwake, katika chumba cha kushonea mashuka ya hospitali, alikaa ubavuni kwa mwanamke wa Kiingereza aliyeitwa Doris. Doris alikuwa mnene, mwekundu wa mashavu, na jina la Zuwena lilimshinda. Akawa anamwita Zoo. Mimi ndiye niliyemweleza Mamdogo maana yake ni bustani ya wanyama. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwache aniite," akasema, "mradi asinitie kwenye tundu." Walifundishana kushona na walifundishana kusema, na baada ya miezi Doris akawa anakuja chumbani kwetu Jumamosi mchana, anakaa ukingoni mwa kitanda changu, anakula kaimati mpaka shira inamtiririka kidevuni. Mimi nilikuwa mkalimani wao pale mikono iliposhindwa.

Jumamosi moja ya mvua Doris aliuliza juu ya Alhamisi, kwa nini harufu nzuri vile na hereni na wanja. Mamdogo akamweleza kwa ufupi. Doris akaweka sahani chini. Akasema yeye naye mume wake wa kwanza, Len, alikwenda vitani kijana, na neno alilotumia lilikuwa missing. Mamdogo alilijua neno hilo kwa maana moja tu, ya kumtamani mtu aliye mbali, kwa hiyo akauliza, "Anakukumbuka? Yuko wapi, basi?" Ikabidi nieleze kwamba hapana, Len alipotea, hakuonekana, ila Kiingereza kinatumia neno hilo hilo. Mamdogo akavitazama vidole vyake. "Mara nyingine wana akili hawa," akanambia kwa Kiswahili. "Neno moja tu kwa aliyepotea na kwa moyo unaomtaka." Kisha akamuuliza Doris alijuaje kuwa mumewe amekufa. Doris akasema vita viliisha, serikali ikaamua, ikamwambia amhesabu kuwa amekufa, ikampa malipo ya ujane. "Ahaa," Mamdogo akasema. "Serikali yenu ilikutolea ushahidi. Yangu mimi, hata kuiuliza siwezi."

Hapo ndipo Doris aliposema habari ya mawe. Kijiji alichozaliwa kiko vilimani, ng'ambo ya Oxford, na juu ya kilima yapo mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale, kabla ya kalamu, kabla ya mfalme yeyote anayejulikana jina. Mengine yamepangwa duara, moja refu limesimama peke yake ng'ambo ya barabara, na kuna kikundi cha mawe yaliyoinamiana vichwa kama watu wanaotetana. Hadithi ya wazee wake ilikuwa kwamba yule mrefu ni mfalme, na duara ni askari wake, wote waligeuzwa mawe na mchawi wa kike. Kwamba hapana awezaye kuyahesabu mara mbili akapata hesabu moja. Kwamba usiku maalumu huteremka bondeni kunywa maji. Na yale yanayoinamiana, wanawake wa kijiji walikuwa wakiyaendea mmoja mmoja, wanaweka sikio kwenye ufa, wapate kusikia habari za waume waliokwenda mbali. Doris mwenyewe alikwenda, wakati wa vita. "Nikasikia nini?" akasema. "Nikasikia upepo, Zoo. Upepo mtupu. Nikarudi nyumbani nikala sahani nzima ya viazi, na nilikuwa sijamaliza sahani tangu Len apotee."

"Astaghfirullah," Mamdogo akasema, na sikulitafsiri. Alikuwa mtu wa dini aliyewadharau waganga na wenda mizimuni, na kwetu mizimu haikosi, kila pango lina kitambaa chekundu na marashi. Lakini akaanza yeye kuhadithia: kwetu pia alikuwapo mwanamke aliyempangusa mtoto uchafu kwa mkate wa mofa, akageuzwa jiwe palepale, na mtoto mkononi. "Kila nchi ina watu wake waliogeuzwa mawe," akasema. "Sisi tunawataja, basi, hatuwasikilizi." Doris akacheka, akasema wakati wa kiangazi atatupeleka, tutizame tu, tule chakula majanini. Nilidhani Mamdogo atakataa. Aliuliza kama kuna choo njiani.

Tulikwenda Jumapili ya jua, kwa treni mpaka Oxford, kisha kwa basi lililokuwa likisimama kila penye kibanda, na mwisho kwa miguu. Mamdogo alivaa baibui juu ya koti, maana kiangazi cha Uingereza hakumwamini, akabeba kapu la katlesi, sambusa na chupa ya chai ya tangawizi. Doris alikuwa na mkate wa matango. Njia nzima walibishana ni chakula gani kinafaa kwa safari, na mimi nilikula vyote viwili bila kutoa hukumu. Nyumba zikaisha, mashamba ya shayiri yakaanza, na mbele yetu juu ya kilima yakatokea. Sitasema yalikuwa ya kutisha. Yalikuwa mafupi kuliko nilivyofikiri, yamelika na mvua, yana matundu na madoa ya ukoga, kama meno ya bibi mla tambuu. Mimi na Doris tukazunguka tukiyahesabu, kila mmoja kwa upande wake, na kweli tukapata hesabu mbalimbali, tukazunguka tena tukapata nyingine. Mamdogo alitandika kanga akatungoja, anatutazama kama watu wawili waliopata jua kali kichwani.

Baada ya kula, Doris akatupeleka kwenye mawe yanayoinamiana. Akavua kofia, akaweka sikio kwenye ufa, mwanamke mnene wa makamo, macho amefumba. Nilitaka kucheka nikashindwa. Alipoondoka pale hakusema alichosikia, wala hatukumuuliza. Akamwonyesha Mamdogo kwa mkono, zamu yako. Mamdogo akatikisa kichwa. "Mwambie dini yangu hairuhusu," akanambia, na sauti yake haikuwa na kiburi. Aligusa lile jiwe kwa ncha za vidole tu, akafuta mkono kwenye baibui, akaanza kutangulia kurudi njia tuliyojia.

Tulimkuta amesimama ukingoni mwa shamba, chini ya ua wa miti ya miiba. Mbele yake palikuwa na mawe mawili niliyokuwa sikuyaona tulipopita, moja la kimo cha goti na jingine fupi zaidi, na kati yao majani marefu, urefu wa mtu aliyelala. Akauliza haya yaliwekwa na nani. Doris akasema hajui, hayamo katika hadithi. Labda ni vipande vya duara, labda mkulima aliyavuta pembeni zamani apitishe jembe. Mamdogo akauliza tena, "Mwulize, hapa jua la wakati wa baridi hutokea wapi?" Doris alikulia pale, hakufikiri hata kidogo, akanyoosha kidole juu ya paa la ghala la mbali. London Mamdogo alikuwa akielekea huko huko akisali, kwenye jua la baridi. Akatazama ghala, akatazama mawe, akasimama kwenye lile kubwa akanyoosha mkono, kisha akaenda kwenye lile dogo. "Kichwa hapa," akasema pole pole. "Miguu pale. Kalalia ubavu wa kulia, uso kibla." Akatugeukia. "Salha," akaniita mimi. "Haya mashahidi."

Wajukuu zangu nikiwatajia mashahidi wanafikiria mahakama ya kwenye televisheni, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtu akishazikwa, huchomekwa jiwe au kibao kichwani na jingine miguuni, na vitu vile viwili huitwa mashahidi wa kaburi. Vinamshuhudia aliye chini, kwamba hapa yupo mtu, usimkanyage. Neno ni moja na lile la mtu aliyeona kwa macho yake. Miaka yote ile Mamdogo alipolia mashahidi wawili, mashahidi wawili, sidhani kwamba aliwahi kuyafikiria ya kaburi. Pale shambani neno likamgeukia upande wake wa pili.

"Mamdogo, hayo mawe tu," nikasema. Nilikuwa naogopa. "Ya watu wa kale, makafiri, hata hapana anayejua."

"Kwani nilisema mashahidi wenye mdomo?" akajibu. "Nassor hana hata mawe kama haya. Hana jiwe, hana kibao, hana mchanga wa kukaa mtu akamsomea. Na mimi hapa nimepewa mawili, yamekaa sawasawa, hayana mwenyewe. Niache."

Akapiga magoti kwenye majani katikati ya yale mawe, akasoma Yasini kwa moyo, yote, bila kukosea. Kisha akalaza sikio chini. Si kwenye jiwe, kwenye majani. Doris alisimama nyuma na kofia mkononi, na pembeni kulipita vijana wawili wenye mabegi mgongoni, wakatusalimia kwa adabu wakaendelea. Mamdogo alipoinuka alikuwa na udongo shavuni na macho makavu. Tangu nimjue sikuwa nimemwona akilia, na siku ile pia hakulia. Alivua hereni moja, akavua ya pili, akazifunga kwenye pembe ya leso. "Twendeni," akasema, "basi litatuacha."

Kesho yake hakwenda kazini. Alivaa gauni jeupe alilolishona kwa shuka, akageuza kioo kielekee ukutani, akakaa juu ya mkeka baina ya vitanda. Akanambia eda yake imeanza na kwamba hatatoka mlangoni mpaka iishe. Kazini Doris alisema Zoo anaumwa, na akafanya sehemu yake na ya mwenzake, lakini hilo lisingeweza kuendelea kwa miezi, na tulijua sote. Kazi ile ndiyo iliyotulisha na kutulaza. Nilifanya nililoweza: nikaenda kumwita Maalim Badi.

Maalim alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha cherehani, mlango wazi, mimi nimesimama kizingitini. Mamdogo alimweleza yote, mawe na kibla na Yasini. Nilitazamia atamkemea. Akafunga macho kwa muda mrefu. "Mama," akasema mwisho, "jiwe halishuhudii. Hilo unalijua kuliko mimi. Lakini niache jiwe nikuulize wewe. Moyoni mwako, tangu lini unajua?"

Mamdogo akainama. Tukasikia redio ya Mgiriki chini. "Tangu chai," akasema. "Nilikwenda kuifunika kwa kisahani isipoe. Mkono ukakataa. Nikajua. Na waliokuwa naye huko alikofichwa, waliotoka, walipita kwangu wakanitazama, hawakusema kitu, walinipa mkono wa pole. Wote wawili. Nikawaambia mimi sitaki pole, nataka maneno. Wakaogopa, wakaondoka."

"Wawili," Maalim akasema.

"Wawili."

Maalim aliteremka kwenye kiti akakaa chini sakafuni. Sauti yake ilipungua. Alisema yeye si kadhi, lakini kwa aliyoyasikia hawezi kumwambia kwamba mumewe yu hai. Akasema Mwenyezi Mungu amrehemu Bwana Nassor. Halafu akasema lile lililombidi kulisema. "Ila mama, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Si tangu siku ya habari. Ikiwa alifariki siku zile, basi eda yako ilianza kule kule, na ilikwisha hata hujapanda ndege. Huna eda ya kukaa."

"Nimeshatoka?" Mamdogo akauliza.

"Umeshatoka, mama. Zamani."

"Nimetoka eda na wanja machoni." Akajitazama lile gauni la shuka, akalishika kwa vidole viwili, akaliachia. "Na udi. Na kanga mpya. Kwa hiyo hata hiki, Maalim? Walimchukua yeye, wakachukua na kaburi, na hata siku zangu za kumlilia zilipita hapana aliyenambia?"

"Huna dhambi," Maalim akasema haraka. "Asiyejua hana dhambi."

"Sikuulizi dhambi."

Maalim alisoma dua, akaomba maji, akayanywa. Nilimsindikiza mpaka chini. Nilifikiri nikirudi nitamkuta Mamdogo amevua nyeupe, anajitayarisha kwenda kazini asubuhi, mtu wa amri kama alivyokuwa. Nilimkuta anavisimamisha vitanda vyetu wima ukutani, kimoja kimoja, peke yake, anahema. "Eda wameninyima," akasema. "Matanga hayana muda wa kupita. Nenda kwenye simu ya kona, mpigie Shirin. Mwambie siku tatu. Mwambie alete mikeka."

Wakaja. Walikuja wale wa jikoni kwa Bi Shirin, hata yule aliyesema anampambia nani, wamejitanda kanga nyeusi juu ya makoti, wanavua viatu ngazini mpaka Mgiriki hakuwa na pa kukanyaga, akawa anapita kwa ncha za vidole na trei ya glasi za chai alizopika mwenyewe bila kuombwa. Doris alikuja na kitambaa kichwani, akakaa katikati ya wanawake, akichelewa kila amin. Chumba kile cha watu wawili kilichukua watu ambao sijui kilichukuaje. Mamdogo alikaa pembeni, mgongo umenyooka, anapokea mikono, jicho kavu, na kila aliyeinama kumpa pole aliona haya kumtazama usoni, kwa kuwa wote tulijua ni msiba wa miaka iliyopita na hapana aliyejua auseme vipi.

Wa mwisho kufika alikuwa bibi mmoja wa Kipemba, mgeni, amekuja London kwa mwanawe wiki hiyo hiyo na hajui habari ya mtu. Aliambiwa tu kuna matanga ya mtu wa kwetu. Alipita kati ya magoti ya watu mpaka mbele, akaketi, akaichukua mikono yote miwili ya Mamdogo akaiweka kifuani pake, akauliza kama kila mtu wa kwetu anavyouliza. "Pole, mwanangu. Amefariki lini?"

Bi Shirin alifungua mdomo amjibie, akaishia kujivuta kanga kichwani. Mamdogo akamtazama yule bibi, midomo ikaanza kumcheza, na machozi yakatoka, mengi, bila kwikwi, yakimwagikia mikono ya wote wawili.

"Leo, bibi," akasema. "Amefariki leo."